Sindano ya Picha ya MRI: Sema Kabla ya Kudungwa

Leo tuzungumzie sindano ambayo baadhi ya wagonjwa hudungwa wanapopigwa picha ya MRI.

Wengi huiita "rangi", ingawa haitii mwili rangi wala haitibu. Ndani yake mna metali iitwayo gadoliniamu, ambayo hung'arisha picha ili daktari auone vizuri uvimbe au mshipa wenye kasoro. Metali hii ikiwa peke yake ni sumu. Kwa hivyo hufungwa ndani ya kemikali nyingine, kama kaa la moto linavyoshikwa kwa makoleo. Figo zikiwa nzima, karibu yote hutoka kwa mkojo katika saa 24.

Hatari iko kwa mwenye figo zilizoharibika sana. Kwake dawa hukawia mwilini, na metali huweza kuachiliwa. Mwaka 2006, madaktari wa Ulaya waliihusisha sindano hii na ugonjwa unaokaza ngozi na viungo, na ambao unaweza kuua. Tangu hapo figo huchunguzwa kwanza, na aina zilizofungwa imara zaidi hupendelewa. Mwaka 2017, Umoja wa Ulaya ulisimamisha baadhi ya zile zinazoachia kwa urahisi.

Chembe kidogo hubaki mwilini hata kwa wenye figo nzima. Haijathibitishwa kuwa huleta madhara kwenye ubongo, lakini ni haki yako kuuliza, "Daktari, picha hii haiwezi kupigwa bila sindano?"

Mama, kabla wewe au mtoto wako hajadungwa, sema haya:

1. Kama kuna ugonjwa wa figo, au mgonjwa husafishwa damu kwa mashine.
2. Kama una mimba, au hedhi imechelewa. Mjamzito hadungwi ila kukiwa na sababu kubwa.
3. Kama sindano kama hii iliwahi kuleta mwasho, uvimbe au shida ya kupumua.
4. Kama mtoto amewahi kudungwa, na mara ngapi.

Je, anayenyonyesha? Usimwage maziwa, mama. Kinachoingia humo ni chini ya asilimia 0.04 ya dozi. Endelea kunyonyesha.

Baada ya sindano, ukiona uso unavimba au pumzi inabana, mwite mhudumu papo hapo.