Menyu ya Matawi: Matumizi ya "Mzizi", "Tawi" na "Kunjua"

Menyu ya matawi ni orodha ya kuongozea katika programu ya kompyuta ambayo vipengele vyake hupangwa kwa ngazi. Watumiaji wengi waliizoea katika Windows 95: upande wa kushoto wa dirisha la faili zilipangwa diski na folda, zikiwa na visanduku vya alama za kujumlisha na kutoa. Alama ya kujumlisha ilionyesha yaliyomo. Ya kutoa iliyaficha.

Muundo wake ni rahisi kueleza. Katika maktaba ya Swing ya lugha ya Java, kwa mfano, mtayarishaji huunda kwanza mzizi, kisha huuongezea matawi, na kila tawi laweza kubeba matawi madogo. Kipengele kisichobeba kingine huitwa jani. Mzizi waweza kufichwa ili matawi ya ngazi ya kwanza ndiyo yaonekane juu.

Mti huu umepinduliwa, lakini hilo si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Katika uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi, S hukaa juu, KN na KT hufuata, na maneno yenyewe huwa chini. Neno "tawi" limekwisha kuzoeleka darasani kwa maana hiyo. Hakuna haja ya kubuni jingine. "Shina" halifai kuchukua nafasi ya "mzizi", kwani katika muundo wa Chama cha Mapinduzi nchini Tanzania shina liko chini ya tawi, na msomaji aweza kuelewa kinyume.

Watayarishaji hutumia pia istilahi za ukoo: kipengele cha juu ni mzazi, cha chini ni mtoto. Zikibaki ndani ya msimbo hazina madhara. Zikifika kwenye skrini, huzaa onyo kama hili:

*Je, ungependa kufuta watoto wote?*

Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, ila haimwambii mtumiaji kitakachopotea. Kufuta tawi huweza kuondoa kila kilicho chini yake, kwa hiyo onyo lisiloeleweka laweza kumgharimu mtu kazi ya siku nyingi. Ni bora kuandika:

*Je, ungependa kufuta tawi hili pamoja na yote yaliyo chini yake?*

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu. "Panua" humaanisha kuongeza upana, na hulifaa dirisha zaidi kuliko tawi. "Funga" tayari hutumika kwa kuondoa dirisha au kumaliza programu. Jozi inayofaa ni "kunja" na "kunjua". Kiambishi -u- cha kauli ya kutendua huonyesha kwamba tendo la pili hubatilisha la kwanza, kama mkeka unavyokunjwa na kukunjuliwa bila kupoteza chochote. Ndivyo menyu inavyofanya kazi: tawi lililokunjwa halikufutwa, limefichwa tu.

Mifano ya matumizi:

*Bonyeza kishale cha kulia kukunjua tawi, na cha kushoto kulikunja.*

*Kunja matawi yote.*

*Jani hili halina kitu chini yake.*

Mfasiri akishachagua istilahi hizi, azitumie vivyo hivyo katika menyu, maonyo na mwongozo wa programu. Tawi likiitwa "mtoto" katika ukurasa mwingine, mtumiaji atadhani ni vitu viwili.