Hewa Ndani ya Gari Lako: Ondoa Kioo Kilichokazwa, Weka Dirisha la Kusukuma

Bwana mkulima, nawe Mama mkulima, hebu fikiri juu ya ile Land Rover ya zamani iliyofunikwa nyuma, iwe ni yako au ya chama chenu cha ushirika. Magari ya namna hiyo, yaani Series I, II na III, yalitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, na yako ambayo yangali yakifanya kazi katika mashamba ya makazi yaliyoanza kugawanywa mwaka 1962. Asubuhi hubeba mikebe ya maziwa. Mchana hubeba viazi, mbolea au vifaranga wa siku moja. Usiku, mtoto akiugua, hubeba mgonjwa.

Sasa tazama madirisha ya ubavuni, huko nyuma. Ikiwa vioo vyake vimekazwa ndani ya mpira wala havifunguki, basi kila kilichomo humo hakipati hewa ila kupitia mlango wa nyuma. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Hatari Isiyoonekana

Gari likienda, hewa huzunguka nyuma yake na kurudi mlangoni. Hewa hiyo huchukua vumbi la barabara, na pia moshi wa eksozi. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hushikwa na usingizi, na usingizi huo waweza kuwa wa mwisho. Kwa hiyo, kuacha mlango wa nyuma wazi huku madirisha yote ya ubavuni yamefungwa siyo njia ya kupata hewa. Ni njia ya kuukaribisha moshi.

Madirisha ya kusukuma pande zote mbili huiingiza hewa safi kutoka ubavuni na kuipitisha. Lakini usidanganyike: dirisha haliponyi eksozi iliyotoboka. Tengeneza eksozi kwanza, na uhakikishe kwamba ncha ya bomba inatoka nje kabisa ya bodi. Na mtu aliyemo nyuma akianza kulalamika kichwa, simamisha gari, zima injini, mtoe kwenye hewa safi, kisha mfikishe hospitali.

Faida nyingine utaziona mwenyewe. Maziwa yaliyofungiwa kwenye joto huharibika upesi, na vifaranga waliokosa hewa hufa njiani.

Kabla ya Kutoa Fedha

Lala chini ya gari uitazame chesisi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama chuma, lakini chesisi ni ya chuma. Igonge kwa nyundo ndogo mahali pengi. Ikitoa sauti nzito au ikibonyea, fedha zako ziende huko kwanza. Dirisha zuri juu ya chesisi iliyooza ni hasara.

Ikiwa gari hubeba abiria kwa malipo, uliza afisi ya ukaguzi wa magari kabla ya kukata bodi.

Kisha nunua dirisha zima pamoja na fremu yake, kabla hujagusa bodi. Waweza kulipata kwa wauzao vipuri vya magari yaliyovunjwa, au kumpa fundi kazi ya kulitengeneza. Kioo kiwe ni kioo cha usalama cha magari. Usikubali kamwe kioo cha nyumba, kwa maana kikivunjika huwa visu. Fahamu pia kwamba kioo kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi: ukijaribu kukikata hupasuka chote vipande vidogo vidogo. Kile chenye tabaka mbili na utando katikati ndicho fundi awezacho kukikata.

Namna ya Kufanya Kazi

Kwanza, toa kioo cha zamani. Vaa glovu na miwani ya kukinga macho. Katika mpira mwingi wa dirisha mna ukanda mwembamba unaoukaza. Uvute huo utoke. Kisha sukuma kioo kwa kiganja kutoka ndani, ukianzia pembeni, na mwenzako asimame nje akikipokea kwa blanketi. Usikichokonoe kwa bisibisi, maana kioo hupasukia ukingoni.

Pili, pima tundu. Pima upana mahali patatu, na urefu mahali patatu. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, ili ujue kama tundu limekwenda upande. Kata kigezo cha karatasi ngumu kwa kipimo cha fremu mpya, ukishikize ukutani mwa gari ulitazame. Tundu likiwa dogo, utaliongeza. Likiwa kubwa kuliko fremu, usijaze pengo kwa gundi, kwa sababu litatikisika na kuachia. Weka kipande cha bati la aluminiamu, ulikaze kwa ribiti, ndipo ukate upya.

Tatu, kata pole pole. Toboa pembe kwa keekee ili ziwe za mviringo, maana pembe kali huanza kupasuka gari likitikisika barabarani. Kata ndani kidogo ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Ni rahisi kuondoa milimita moja zaidi. Hakuna fundi awezaye kuirudisha. Paka rangi ukingo wote uliokatwa.

Nne, chagua skurubu kwa busara. Chuma cha kawaida kikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe. Tumia ribiti za aluminiamu, au skurubu zisizoshika kutu zenye washa za plastiki.

Tano, weka fremu. Paka dawa ya kuzibia maji chini ya ukingo wake wote, uiweke, kisha kaza kidogo kidogo kwa kupishana, kama ukazavyo nati za gurudumu.

Mambo Mawili Yanayosahauliwa

La kwanza ni matundu ya maji. Mfereji wa chini ambamo kioo hupita utaingia maji ya mvua, hakuna budi. Lazima uwe na matundu madogo yanayotazama nje ili maji yatoke. Mafundi wengine huyaziba kwa dawa bila kujua, na maji yakikosa njia humwagikia ndani, juu ya magunia yako ya mbolea.

La pili ni mpangilio wa vioo. Kioo cha mbele kikae upande wa nje na kile cha nyuma upande wa ndani. Hapo mahali vinapopandana patatazama nyuma, na upepo wa mwendo hautasukuma mvua ndani. Ni sawa na kupanga mabati ya paa.

Dawa ikikauka kama ilivyoandikwa kwenye mkebe wake, jaribu kwa maji. Mwenzako amwage maji juu ya dirisha, nawe ukae ndani na tochi. Ukiona tone moja, zibua na uzibe tena siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kulitunza

Usipake grisi katika mfereji. Grisi hukamata vumbi la murramu na kuwa kama msasa. Pangusa mfereji kwa brashi kavu kila juma, kisha sugua kwa mshumaa au sabuni kavu. Fungua matundu ya maji kwa kijiti kabla ya masika. Weka kizuizi ili kioo kisifunguke zaidi ya mtoto kupitisha mkono, lakini kizuizi hicho kiwe cha kuondoleka upesi kutoka ndani. Usikaze vyuma juu ya dirisha, kwa maana gari likipinduka huenda hapo ndipo mlango pekee uliobaki.

Kazi hii yaweza kufanywa na fundi mmoja na msaidizi. Usiiache hata siku utakapohitaji kumbeba mgonjwa usiku. Itazame Land Rover yako juma hili: anzia eksozi, kisha chesisi, kisha madirisha.