Kilemba cha Ukoka Hakimkingi Mfanyakazi



Kila mwezi wa Desemba, mjini Los Angeles, Marekani, hufanyika sherehe kubwa ya kuwatukuza watengenezaji wa michezo ya video, ile ambayo watoto wetu huicheza kwenye simu na televisheni. Sherehe hiyo huitwa The Game Awards, nayo ilianza mwaka 2014. Kuna muziki, taa na watu mashuhuri, na mamilioni ya watu huitazama. Mwishoni hutajwa mchezo bora wa mwaka, na washindi hupanda jukwaani kupokea sanamu.

Baadhi yenu mtauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa mashamba ya chai na viwanda vya nguo? Yanatuhusu. Mchezo wa video hauoti kama uyoga. Ni bidhaa, kama kitenge au gunia la sukari. Mchezo mmoja mkubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa: wachoraji, mafundi wa kompyuta, wanamuziki, waigizaji wanaotoa sauti zao, na wakaguzi ambao kutwa hurudia mahali pale pale wakitafuta kasoro. Hao wote wana mwajiri, wana mshahara, na wanaweza kuachishwa kazi.

Tuitazame sherehe ya Desemba 2023. Mwaka huo maelfu ya wafanyakazi wa michezo ya video walikuwa wamepunguzwa kazini. Wenye sherehe hawakuligusia jambo hilo. Muda mwingi ulikwenda kwenye matangazo ya michezo inayokuja kuuzwa. Washindi walipopanda kusema, walipewa muda mfupi, kisha mbele yao yakawaka maandishi ya kuwataka wamalize. Swen Vincke, mkuu wa kampuni ya Larian ya Ubelgiji iliyotwaa tuzo kuu kwa mchezo wa Baldur's Gate 3, alikuwa akimkumbuka mwenzao aliyefariki. Naye pia akawashiwa maandishi yale. Tangazo lilipata nafasi yake, marehemu akakosa.

Usiku ule ule mchezo uitwao Hi-Fi Rush ulipewa tuzo ya ufundi wa sauti. Ulitengenezwa mjini Tokyo, Japani, na karakana ya Tango Gameworks, iliyokuwa mali ya Microsoft. Tarehe 11 Aprili 2024, mjini London, mchezo huo ukapewa tuzo nyingine na BAFTA, safari hii kwa ustadi wa kuzipa picha mwendo. Tarehe 7 Mei 2024, hata mwezi haujatimia, ikatangazwa kwamba karakana hiyo itafungwa. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Mwezi Agosti kampuni ya Krafton ya Korea ya Kusini iliichukua karakana hiyo, na baadhi ya kazi zikapona. Lakini aliyeziponya ni mnunuzi. Tuzo mbili hazikumlinda mtu hata mmoja.

Wala isisemwe kwamba fedha hazikuwapo. Oktoba 2023 Microsoft ilikuwa imeinunua kampuni ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024, miezi mitatu tu baadaye, ikawapunguza wafanyakazi 1,900 wa idara yake ya michezo.

Desemba 2024 wenye sherehe waliona haya. Walimtuza Amir Satvat, aliyejitolea kuwasaidia waliopunguzwa wapate kazi nyingine. Vincke naye alisimama tena na kuwakanya wakubwa wasiwahesabu wafanyakazi kama tarakimu za daftari. Ni maneno mazuri, tunayapokea. Lakini neno la jukwaani halimfungi mwajiri. Kinachomfunga ni mkataba.

Wenzetu wa huko wameanza kulitambua hilo. Mei 2022 wakaguzi wa michezo wa Raven Software, katika jimbo la Wisconsin, walipiga kura ya kuunda chama: 19 walikubali, 3 walikataa. Januari 2023 wakafuata wakaguzi wapatao 300 wa ZeniMax, nayo ni ya Microsoft, na mwaka 2025 wakaupitisha mkataba wao wa hali bora. Waigizaji wa michezo, walio katika chama cha SAG-AFTRA, waligoma Julai 2024 wakidai ulinzi ili sauti na miondoko yao isinakiliwe kiholela kwa akili bandia. Walishikilia karibu mwaka mzima. Juni 2025 mgomo ulisimamishwa, na Julai wanachama wakaupitisha mkataba mpya unaodai ridhaa ya mwigizaji kabla ya kunakiliwa. Mkataba huo haung'ai kama sanamu, lakini mwajiri akiuvunja anaweza kushtakiwa.

Sisi nasi tuna tuzo zetu. Mei Mosi hutajwa mfanyakazi bora, akapewa cheti, redio au bahasha. Hatuzikatai. Aliyetoa jasho anastahili kupigiwa makofi mbele ya wenziwe. Lakini tumewaona waliopewa cheti mwezi Mei, na kabla ya mwaka kwisha wakapanga foleni wakisubiri malipo ya kuachishwa kazi. Sifa isiyo na mkataba ni kilemba cha ukoka: jua likiwaka, kinanyauka kichwani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msimamizi akimtuza mmoja wetu, tupige makofi kwa moyo mweupe. Kisha kamati ya tawi iingie ofisini na madai matatu: notisi ya kutosha kabla ya kupunguza watu, kiinua mgongo kilichoandikwa, na chama kusikilizwa kabla ya orodha ya majina kubandikwa. Tawi ambalo halijayaandika madai hayo lisingoje Mei Mosi nyingine. Liitishe mkutano mwezi huu.