Siasa za Maji Taka

Mwaka 2005 watu wa Handeni walikuwa na sababu ya kufuatilia nani CCM ingemsimamisha kugombea urais. Mbunge wao, Dk. Abdallah Kigoda, alikuwa miongoni mwa makada waliochukua fomu. Hakufika tatu bora. Waliofika ni Jakaya Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya, na aliyepakwa matope mengi zaidi ni Salim.

Wazushi walimwita Hizbu, yaani mfuasi wa chama kilichoondolewa madarakani na Mapinduzi ya Zanzibar. Wakasema ana mkono katika mauaji ya Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Tuuchambue uzushi huo, maana hapo ndipo ufundi wa kuchafuana unapoonekana. Salim alikuwa mtu wa Umma, chama cha Abdulrahman Babu kilichomeguka kutoka Hizbu mwaka 1963 na kuingia ndani ya ASP, chama cha Karume, baada ya Mapinduzi. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22 tu, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Karume alipopigwa risasi Aprili 7, 1972, lawama ziliwaangukia Babu na wenzake wa zamani wa Umma, lakini Salim alikuwa New York akiiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo wazushi hawakutunga kila kitu. Walichukua kipande cha kweli, wakakata mwanzo na mwisho wake.

Wamarekani walifanya vivyo hivyo mwaka 1828. Mgombea urais Andrew Jackson alikuwa amemuoa Rachel kabla talaka ya mkewe huyo na mume wake wa kwanza haijakamilika. Magazeti ya wapinzani yakamfanya mama huyo mzinzi. Rachel alifariki Desemba ya mwaka huohuo, mumewe akiwa ameshinda lakini hajaapishwa.

Matope hushika pale watu wasipomjua vizuri anayepakwa. Jirani na Handeni, Korogwe Vijijini, Stephen Ngonyani alikuwa mganga wa jadi, akijulikana kama Profesa Majimarefu. Kwingine uganga ungetosha kummaliza mgombea. Yeye hakuuficha, na wapiga kura wakampeleka bungeni mwaka 2010, wakamrudisha 2015.

Salim hakuwa na bahati hiyo: wajumbe wa mkutano mkuu wa CCM Dodoma, wengi wao wa Bara, Umma waliijulia wapi? Mei 4, 2005 Kikwete alipata kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Sisemi uzushi peke yake ndio ulioamua. Wanamtandao wa Kikwete walikuwa wamejipanga kwa miaka. Lakini Salim alidhulumiwa, na kila aliyeijua historia ile akanyamaza alishiriki dhuluma hiyo.