Kiki za Watangazaji na Wanaozilipia

Septemba 2018, polisi wa Dar es Salaam walimtia mbaroni Soudy Brown, mtangazaji aliyejipatia jina Clouds FM, pamoja na mwanamuziki Maua Sama. Hawakutukana mtu, wala hawakuitisha maandamano. Mitandaoni ilikuwa imesambaa video ya watu wakiucheza wimbo wa Maua, Iokote, huku noti zimetapakaa chini na kukanyagwa. Kwa vijana wa mjini hiyo ilikuwa kiki ya kuupaisha wimbo. Kwa serikali ilikuwa fedha ya nchi inayodhalilishwa, na wawili hao wakaishia mahabusu.

Ukiwa Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita, video ile unaweza kuitazama kwa macho mawili. Huku noti huja baada ya mawe kutolewa duarani, yaani shimoni, kusagwa kwenye karasha, kuoshwa mwaloni na dhahabu kunaswa kwa zebaki, ile ile iliyowaleta wataalamu wa Umoja wa Mataifa kijijini miaka ya 2000. Kuikanyaga pesa ya namna hiyo ni kebehi. Lakini wachimbaji hao hao, siku mfuko ukinona, humtunza mwimbaji harusini mpaka noti zikamwagika miguuni pake, na hakuna anayeita polisi.

Soudy Brown hakuwa mgeni wa utata. Katika U Heard, kipengele cha kipindi cha XXL, alikuwa akiwapigia simu watu maarufu na kuwatupia tetesi zinazowahusu: ndoa imevunjika, gari ni la kuazima, mtoto si wake. Aliyekana, aliyefoka na aliyekata simu, wote walikuwa burudani. Wapo waliouita umbea wa kurushwa hewani. Wengine waliusubiri kila siku. Angalau aliyepigiwa alikuwa mtu wa jukwaani, mwenye meneja na mashabiki, na mara nyingi simu hiyo ilimwongezea jina.

Mambo hubadilika pale simu inapopokelewa na mtu asiye na ngao hizo. Desemba 4, 2012, watangazaji wawili wa 2Day FM ya Sydney, Mel Greig na Michael Christian, walipiga simu Hospitali ya King Edward VII jijini London alikolazwa Kate, mke wa Mwanamfalme William. Walijifanya Malkia Elizabeth na Mwanamfalme Charles. Muuguzi Jacintha Saldanha aliipokea, akaamini, akaiunganisha wodini, na mwenzake akaeleza hali ya mgonjwa. Dunia ikacheka. Siku tatu baadaye Saldanha alikutwa amefariki, alikuwa amejiua. Alikuwa mama wa watoto wawili, na alichofanya asubuhi ile ni kupokea simu tu.

Kuna pia kiki za zawadi. E-FM ya Dar es Salaam iliwahi kukusanya umati kwa shindano la Shika Ndinga: washiriki wanashika gari, na atakayebaki wa mwisho bila kuachia anaondoka nalo. Ni mchezo wa uvumilivu, na msikilizaji anajua tangu mwanzo kinachoshindaniwa. Ila uvumilivu nao una hatari zake. Januari 2007 kituo cha KDND cha Sacramento, Marekani, kiliwashindanisha wasikilizaji kunywa maji mengi bila kwenda haja ndogo, zawadi ikiwa ni mashine ya michezo. Mama mmoja, Jennifer Strange, alirudi nyumbani akafa kwa sumu ya maji yaliyozidi mwilini. Watumishi 10 wa kituo walifukuzwa, na mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama likaamuru familia yake ilipwe zaidi ya dola milioni 16. Msikilizaji mmoja alikuwa amepiga simu studio siku ile kuonya kwamba maji yanaweza kuua, lakini shindano likaendelea.

Katika ukanda wa dhahabu, kiki isiyopimwa ingeweza kuzaa balaa la aina yake. Tuseme Aprili mosi mtangazaji anatania kwamba dhahabu imeonekana shambani mwa fulani. Kabla ya adhuhuri bodaboda zingekuwa zimeshamwaga vijana wenye sululu na makarai. Rashi, yaani mbio za kuiwahi dhahabu mpya, haingoji uthibitisho. Anayechelewa hukuta mashimo yote yana wenyewe. Januari 2024 huko Bariadi, mkoani Simiyu, zaidi ya watu 20 walifukiwa na kifusi wakati wa mvua kubwa, mahali walipoanza kuchimba bila kungoja kibali baada ya habari za dhahabu kuenea. Hao hawakudanganywa na redio. Walifuata habari ya kweli, na bado ardhi iliwameza.

Hata hivyo, si kila uongo wa mwanahabari ni kiki. Miaka ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na wachimbaji na wavuvi walitajwa miongoni mwa wateja wa waganga. Vicky Ntetema, aliyeongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta mali akaenda kwa waganga hao. Aliyoyasikia yalirushwa hewani mwaka 2008, naye akalazimika kujificha baada ya kutishiwa maisha. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo sasa iko mkoani Geita.

Ntetema alidanganya kama Greig na Christian walivyodanganya, kwa utambulisho wa bandia na nia iliyofichwa. Lakini aliowadanganya walikuwa wauza vifo, na hatari aliibeba mwenyewe. Katika kiki ya Sydney, hatari ilimwangukia mtu wa zamu ya alfajiri ambaye hakujua kwamba yuko kwenye kipindi.

Kwa Tanzania, mwenye rungu la kuviadhibu vituo ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Septemba 2020 iliifungia Wasafi FM siku saba kwa lugha isiyofaa katika vipindi vya Mashamsham na The Switch vilivyorushwa mapema Agosti. Kenya nayo, Machi 2021, ilisimamisha kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni moja, baada ya watangazaji kumlaumu hewani mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12. Wadhamini walikuwa wameshaanza kuondoa matangazo yao, na watangazaji watatu wakapoteza kazi.

Msikilizaji wa Rwamgasa aliyekerwa anaweza kuanza na kituo chenyewe, kisha ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza. Malalamiko yenye jina la kipindi, tarehe na saa huwa na uzito kuliko yale ya jumla. Aliye na rekodi kwenye simu yake aende nayo.