Osiloskopu ya bei nafuu

Osiloskopu ni chombo cha kupimia umeme kinachochora kwenye kioo jinsi volteji inavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mhimili wima huonyesha volteji na mhimili mlalo huonyesha muda. Multimita hutoa namba moja tu, lakini osiloskopu huonyesha umbo lote la wimbi. Kwa mfano, multimita inaweza kuonyesha volti 5 kamili kwenye saketi ambayo hujizima mara kwa mara, kumbe volteji huporomoka kwa muda mfupi sana kila mota inapoanza kuzunguka. Osiloskopu huonyesha anguko hilo.

Makala hii inahusu osiloskopu zinazowafaa wanafunzi na watu wanaotengeneza saketi nyumbani, na mambo ya kuangalia kabla ya kununua.

Historia

Mwaka 1897 mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la mionzi ya kathodi, ambalo lilikuwa msingi wa osiloskopu za kwanza. Kampuni ya Tektronix ilianzishwa Oregon, Marekani, mwaka 1946. Mwaka uliofuata ilianza kuuza osiloskopu yake ya kwanza, modeli 511, kwa dola 795. Ilikuwa na upana wa masafa wa MHz 10. Chombo hicho kilianza kuchora kila wimbi lilipofika kiwango kilichochaguliwa na mtumiaji, hivyo picha ilitulia.

Osiloskopu za kidijiti hupima volteji mara nyingi kwa sekunde, huhifadhi namba hizo na kuzichora. Kampuni za China kama Rigol, Siglent na Hantek zilishusha bei zake sana. Rigol DS1054Z, yenye njia 4 na upana wa masafa wa MHz 50, iliuzwa kwa takriban dola 400 na kupendwa na mafundi wa nyumbani katika nchi nyingi.

Aina

* Kadi ya sauti ya kompyuta pamoja na programu ya osiloskopu. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Huweza kuonyesha mawimbi ya sauti tu, yaani hadi karibu kHz 20, na kwa kawaida haionyeshi volteji isiyobadilika kama ya betri. Tundu la maikrofoni huharibika likipewa volteji kubwa.
* Kifurushi cha kuunganisha mwenyewe. Kinachojulikana sana ni DSO138, chenye njia moja, upana wa masafa wa kHz 200 na sampuli milioni 1 kwa sekunde.
* Osiloskopu ya USB, ambayo hutumia kioo cha kompyuta.
* Osiloskopu ya kidijiti ya mezani, yenye kioo na vitufe vyake.
* Osiloskopu ya zamani ya bomba, iliyokwisha kutumika. Mara nyingi picha yake ni nzuri, lakini ni nzito na haiwezi kuhifadhi wimbi lililotokea mara moja tu.

Mambo ya kuangalia

Upana wa masafa huonyesha mwisho wa uwezo wa chombo. Osiloskopu ya MHz 50 ikipewa wimbi la volti 1 lenye masafa ya MHz 50 huonyesha karibu volti 0.7 tu. Wimbi la mraba, kama lile la saketi za kidijiti, limejengwa na mawimbi mengi ya masafa ya juu zaidi. Kwa sababu hiyo inashauriwa upana uwe angalau mara 5 ya masafa ya wimbi hilo, la sivyo pembe zake huonekana za mviringo.

Kasi ya sampuli ni idadi ya vipimo kwa sekunde. Ikiwa ndogo, chombo hakikai kimya bali huchora wimbi la uongo. Wimbi la kHz 900 likipimwa kwa sampuli milioni 1 kwa sekunde huonekana kama wimbi safi la kHz 100, na mtazamaji hana dalili ya kosa. Ni vema kasi iwe mara 4 au 5 ya upana wa masafa, au zaidi. Pia kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya njia moja. DS1054Z hupima mara bilioni 1 kwa sekunde njia moja ikitumika, lakini mara milioni 250 kwa kila njia zote 4 zikitumika.

Kumbukumbu ni idadi ya sampuli zinazohifadhiwa. DSO138 huhifadhi sampuli 1,024. Kwa kasi yake ya juu kabisa hizo ni takriban milisekunde 1, muda usiotosha herufi moja iliyotumwa kwa biti 9,600 kwa sekunde. Ili kuona zaidi ni lazima kupunguza kasi.

Njia mbili zinafaa kuliko moja, kwa sababu mtumiaji anaweza kulinganisha kinachoingia kwenye amplifaya na kinachotoka.

Probu

Probu ni waya wa kupimia. Nyingi zina swichi ya 1X na 10X. Kwenye 10X volteji hugawanywa kwa 10 na saketi inayopimwa haielemewi sana. Kwenye 1X probu nyingi hupitisha MHz chache tu, hata kama osiloskopu ni ya MHz 100. Kabla ya kupima kwa 10X, probu huunganishwa na wimbi la mraba linalotolewa na osiloskopu yenyewe, kisha skrubu yake ndogo huzungushwa mpaka pembe za wimbi zinyooke.

Usalama

Kibano cha ardhi cha probu huwa kimeunganishwa moja kwa moja na mwili wa osiloskopu ya mezani na pini ya ethi ya plagi yake. Kikigusa waya wa moto wa umeme wa nyumbani, hutokea shoti. Kuweka probu kwenye 10X hakuzuii jambo hili.

Watu wengine hukata waya wa ethi ili kuepuka shoti. Hilo ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa chombo unaweza kuwa na umeme na kumuua anayeugusa. Osiloskopu ya USB nayo huunganisha kibano na ardhi ya kompyuta.

Umeme wa volti 230 hufikia kilele cha karibu volti 325. Upande wa kuingilia umeme wa chaja na pawasaplai za televisheni haujatenganishwa na umeme wa nyumbani, na kapasita zake huweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Anayejifunza afanye kazi na saketi za betri au adapta ya volteji ndogo. Upande huo hupimwa kwa probu maalumu ya tofauti, na fundi mwenye ujuzi.

Kuchagua kulingana na kazi

Kwa amplifaya na sauti, hata osiloskopu ya kHz 200 inatosha. Kwa Arduino na vihisi vyake, chombo cha njia mbili chenye MHz 20 hadi 50 hufanya karibu kazi zote, ingawa saa ya Arduino Uno ni ya MHz 16 na pembe zake hazitaonekana vizuri. Redio ya FM hutumia masafa hadi MHz 108, hivyo huhitaji MHz 200 au zaidi.

Anayenunua iliyotumika aombe iwashwe mbele yake, ajaribu kila njia na kila kitufe, na asome volteji iliyoandikwa nyuma, kwani vyombo vilivyotoka Marekani au Japani huenda vimepangwa kwa volti 100 au 120. Bei ya probu ijumlishwe kama hazimo. Osiloskopu ya bomba isifunguliwe, kwani ndani yake huweza kubaki maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa.