Mizani Iko Makambako, Mzigo Uko Bondeni

Aghalabu msafiri akiulizwa ni mahali gani panapomtesa dereva wa lori katika Nyanda za Juu Kusini, hutaja Mlima Kitonga, ule ukuta wa kona na makorongo ulioko baina ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ambao shehena za Njombe ziendazo Dar es Salaam kwa njia kuu hapana budi ziuteremke. Jawabu hilo lina haki yake, kwa kuwa gari zito likishuka mteremko mrefu kwa gia kubwa huziachia breki kazi yote, nazo breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika. Ndiyo maana dereva mwenye hadhari huingiza gia ndogo tangu juu, kabla gari halijaanza kukimbia, akaiacha injini imzuie. Lakini Kitonga kuna lami, na kila aendaye huko anajua anakokwenda. Taabu iliyo kubwa zaidi, nayo haizungumzwi sana, huanzia pale mzigo unapopakiwa.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni nchi ya migongo na mabonde, na mji wake mkuu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili au Mei, na udongo wake mwekundu, ambao katika kiangazi hubeba gari lolote, ukilowa huteleza kama sabuni. Nyumba na barabara hufuata migongo. Mashamba hushuka mabondeni. Viazi mviringo vilivyopandwa kwa mvua za kwanza huiva ilhali mvua zingali zinanyesha, hata mavuno na matope yakawa ni wageni wa siku moja. Na vile vya kiangazi hulimwa katika vinyungu, yaani vishamba vya mabondeni penye unyevu, ambavyo viko chini kuliko vyote.

Tazama basi jinsi lori la Fuso linavyotoka huko. Vibarua wamekwisha kupanga magunia, turubai limefungwa, na dereva anasaka gia ya kwanza huku utingo akitembea nyuma ya gurudumu na kabari ya mti mkononi, kila gari linapopanda hatua mbili akiitupa kabari chini ya tairi, ili injini ikizimika lisirudi nyuma na kumwaga mali na watu korongoni. Tairi za nyuma zikianza kuzunguka mahali pamoja, hukatwa matawi, hutandazwa mawe, na ikishindikana hutafutwa trekta la kuvuta, ambalo mwenyewe hutaja bei akijua kwamba hapana mwingine wa kuulizwa. Usiku ukiingia kabla ya kufika mgongoni, watu hulala hapo hapo katika baridi ya Njombe, na wakati huo wote hakuna ahesabuye ujira wa kungoja.

Fauka ya matope, bondeni hapana mizani. Viazi huuzwa kwa gunia, na gunia lenyewe huwa lumbesa, lililoshindiliwa kisha likashonewa kilemba juu, ijapokuwa sheria ya vipimo imelikataza na kuweka kilo 100 kuwa ndio mwisho wa gunia la mazao. Mkulima hudhulumiwa katika lumbesa, na hilo limesemwa sana. Lakini dereva naye amo katika dhuluma hiyo hiyo. Tuseme amekubaliana na dalali kubeba magunia 80, akahesabu moyoni tani 8. Ikiwa kila moja lina kilo 130, amebeba tani 10 na kilo 400, wala macho hayawezi kumwonyesha tafauti hiyo. Atakayemwonyesha ni mizani ya Makambako.

Makambako ndipo barabara ya Songea na Njombe inapokutana na njia kuu ya Dar es Salaam na Zambia, na ndipo reli ya TAZARA inapopita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mali ya kusini huonana na serikali hapo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, huruhusu tani 8 katika ekseli ya usukani, tani 10 katika ekseli moja yenye tairi nne, tani 18 katika ekseli mbili zilizoandamana, na tani 24 katika tatu. Na jumla ya gari, hata liwe kubwa namna gani, isipite tani 56. Gari hutazamwa kwa ekseli zake na kwa jumla yake, na hapa ndipo wengi wanaponaswa: jumla yaweza kuwa halali na ekseli moja ikawa imezidi, kwa sababu shambani magunia yalirundikwa nyuma, kwa kuwa mbele palikuwa na mteremko na vibarua walichoka.

Sheria hiyo si ukatili. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, baina ya 1958 na 1960, yalidhihirisha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake, ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12 huila lami kiasi cha maradufu. Nchi isiyopima magari hujenga barabara ile ile kila baada ya miaka michache. Ninaloliona kuwa si insafu ni kumpima mtu safari imekwisha kuanza, baada ya kumnyima kipimo pale alipokuwa na uwezo wa kupunguza.

Mbao zina shauri kama hilo, tena gumu zaidi. Misindano ya Njombe hupasuliwa humo humo msituni, na mnunuzi mwenye haraka hupakia mbao mbichi ambazo uzito wake waweza kukaribia maradufu ya mbao kavu za kipimo kile kile. Mbao ya mbili kwa nne iliyopasuliwa jana na ya mwezi uliopita huhesabiwa sawa, ilhali lori lajua kwamba si sawa. Dereva mzoefu hulitazama gogo linavyotoa maji chini ya msumeno, akakataa mbao za mwisho hata akitukanwa. Dereva mgeni huona haya, akapakia.

Majani ya chai ya Lupembe nayo yana dhiki ya namna nyingine: hayana budi kufika kiwandani siku ile ile yaliyochumwa, la sivyo huharibika, basi gari likikwama saa chache mzigo wote hushuka thamani.

Haifai kusema kwamba hapana kilichofanywa. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake mwaka 1965, na njia ya Zambia ya kusini kufungika, mafuta ya Zambia yalipita Makambako kwa malori juu ya barabara ya udongo, na madereva wa zama hizo waliiita njia ile Jahanamu kwa wingi wa magari yaliyoteketea. Leo ni lami tupu. Katika barabara ya Ludewa, kilomita 50 baina ya Lusitu na Mawengi zimejengwa kwa zege, kwa sababu milima na mvua za huko hazistahimiliwi na matabaka mepesi, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Walakini zege haliwezi kushuka hadi kila kinyungu, wala halihitajiwi.

Linalohitajiwa ni dogo kuliko hilo. Kila kata ilimayo viazi na iwe na uwanja wa kukusanyia mazao juu ya mgongo, penye changarawe na mahali pa kugeuzia gari, na juu yake mizani ya kupimia magunia. Punda, pikipiki za matairi matatu na matrekta yapandishe mzigo hadi hapo kidogo kidogo, na lori lisiteremke tena. Wenye misitu nao waweke siku za kuanika mbao kabla ya kuuza. Na katika hati ya mzigo, pamoja na uzito uliopimwa, ziandikwe saa za kungoja na bei yake, ili mwenye mali, dalali na mwenye lori wagawane gharama ya siku iliyopotea, isibaki kwa dereva na utingo wake peke yao.